Pikapu ya mkononi: dizeli au petroli?

Mvua zimekatika, mazao yanauzwa, na karibu kila barua niliyopata mwezi huu inauliza pikapu. Nimechukua sita zinazogusa wengi hapa Kigoma. Nimezifupisha, na majina nimeyaacha.

Nanunua dagaa Katonga na kuwapeleka Kasulu, mara nyingine Kibondo. Nimechoka kukodi gari la watu. Fedha niliyo nayo inatosha Hilux ya petroli iliyo nzima, au ya dizeli ambayo muuzaji anasema "imechoka kidogo". Kila mtu ananisukuma kwenye dizeli. Nifanyeje?

Dizeli ina sifa zake na sitazipunguza. Inavuta mzigo bila kupigwa resi, inakula mafuta kidogo, na ile ya zamani ikitunzwa inazeeka pamoja na mwenye nayo. Lakini hao wanaokusukuma hawajakupigia hesabu, basi tuipige.

Kwenda Kasulu na kurudi ni karibu kilometa 200. Tuseme kwa mwezi unatembea kilometa 2,000 kwa jumla. Pikapu ya dizeli yenye mzigo ikikupa kilometa 10 kwa lita, utanunua lita 200. Ya petroli ikikupa kilometa 8, utanunua lita 250. Umeokoa lita 50. Tukiweka lita moja shilingi 3,000 ili hesabu iwe rahisi, ni shilingi 150,000 kwa mwezi. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi na kila mji una bei yake, kwa hiyo tafuta mstari wa Kigoma, usichukue wa Dar es Salaam, kisha uiweke kwenye hesabu hii badala ya yangu.

Hiyo 150,000 ni faida ya dizeli iliyo nzima. Uliyoonyeshwa si nzima. Injini ya dizeli inawasha mafuta kwa mgandamizo wa hewa peke yake, haina plagi za cheche za kuisaidia, kwa hiyo ringi na silinda zikilika huna dizeli tena, una chuma kinachotoa moshi. Kuifungua ni ringi, beringi, gasketi, hedi ikachongwe, nozeli zipimwe na pampu irekebishwe. Bili ikifika milioni tatu, imemeza faida ya miezi 20, na siku zote hizo pikapu iko juu ya mawe gereji huku wewe umerudi kukodi.

Kwa fedha ya leo, nunua ya petroli iliyo nzima. Kama kweli kila wiki unakwenda Kibondo na tani kamili, kilometa zako zitapanda na faida ya dizeli itapanda nazo. Hapo vumilia msimu mmoja, ongeza fedha, ununue dizeli nzima. Ile ya katikati, bei ya dizeli na afya ya mgonjwa, iache. Na kwa pikapu yoyote utakayochukua, usimalize fedha yote kwa muuzaji. Bakiza ya oili, filta zote, belti, breki na matairi mawili, maana vitu hivyo vitadai mwezi wa kwanza.

Shikamoo. Nalima kahawa Kalinzi. Nimeonyeshwa Hilux mbili za dizeli. Moja ya zamani ina injini ya 3L, nyingine ni D-4D ya 2.5, mpya zaidi, na bei zimepishana kidogo tu. Vijana wananiambia kununua ya zamani ni ushamba.

Marahaba. Si ushamba hata kidogo. Injini ya 3L ina ujazo wa sentimita 2,779, haina tabo ya kuisukumia hewa, haina kompyuta, na pampu yake ni ya chuma tupu. Ina uvivu, sikufichi: ukitoka mjini na mzigo kupandisha milima ya kwenu utakaa gia ya pili na lori litakupita. Ila ikikorofisha, fundi wa Mwanga, pale mjini Kigoma, au wa kijijini kwenu anaifungua kwa spana na kuirudisha. Ndugu yake 5L, yenye sentimita 2,986, ni hivyo hivyo ikiwa na nguvu kidogo zaidi. Zote mbili zina belti ya taimingi ya kubadilishwa kila kilometa 100,000. Kama muuzaji hakumbuki ilibadilishwa lini, hesabu kwamba haijabadilishwa. Ikikatika injini ikiwa inazunguka, valvu na pistoni zinakutana.

D-4D ya 2.5, inayoitwa 2KD, ni injini nzuri kuliko hizo kwa nguvu na kwa ulaji wa mafuta. Shida iko kwenye mafuta anayoyapata mtu wa Kalinzi. Injini hizi zinasukuma dizeli kwa presha kubwa mno kupitia nozeli zenye matundu madogo sana zinazoongozwa na kompyuta. Maji kidogo kutoka kwenye pipa, taka za kidumu, au dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa isiyolainisha pampu, vyote vinaishia kwenye nozeli, nazo ziko nne. Halafu chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba. Ikivuja, masizi yanaingia kwenye oili, yanaziba chujio lililo ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, oili haipandi, injini inakwama. Watu wamezika injini nzuri kwa sababu ya kipande cha shaba kinacholingana na kifungo cha shati.

Kwa hiyo kama una sheli unayoiamini na unaweza kulipa fundi mwenye mashine ya kupima, ichukue D-4D, lakini kabla ya kulipa sampu ishushwe chujio lionekane, na nozeli zipimwe zote nne. Kama mafuta yako ni ya pipa, chukua 3L. Mimi bei zinazokaribiana hivyo kati ya pikapu mpya na ya zamani zinanitia wasiwasi na hiyo mpya. Mwenye nayo anajua kitu.

Nikiwa hapa hapa, niwafae na wengine. Msikubali injini kwa maneno ya dalali. Chini ya boneti ya Hilux kuna kibati chenye herufi za modeli. Ikianza na LN, ni familia ya L: 2L, 3L au 5L. KZN ni 1KZ ya tabo, KUN ni D-4D, RN na RZN ni petroli za zamani, TGN ni petroli ya 2.7 au ya 2.0 ya kizazi cha baadaye. Kama kibati kinasema RN na chini kuna injini ya dizeli, ujue ilipandikizwa, na kadi lazima ioneshe hivyo. Kadi yenye ujazo wa 2,982 haitoshi peke yake, maana 1KZ na D-4D ya 3.0 zote zina ujazo huo.

Hiyo 1KZ muitazame kwa makini kuliko zote. Ina nguvu tamu, lakini ikichemsha mara moja tu vibaya, hedi inaweza kupasuka. Upande wa Mitsubishi, injini ya 4D56 ina belti mbili, ya taimingi na ndogo ya kusawazisha mtikisiko. Ile ndogo ikikatika inaweza kuondoka na kubwa, kwa hiyo zibadilishwe pamoja. Nissan yenye TD27 haina belti ya taimingi kabisa, inatumia gia, na kwa mtu wa bajeti ndogo naiheshimu sana ingawa huku wengi hawaitazami kwa sababu haijaandikwa Toyota. Petroli za Hilux za 22R, RZ na 2TR zinatumia cheni, ambayo huanza kulia kabla ya kufa. Ukisikia mlio wa kukwaruza upande wa mbele wa injini asubuhi, hiyo ndiyo.

Mimi ni mwalimu Nguruka. Dalali anasema pikapu imetembea kilometa 98,000 na injini haijawahi kufunguliwa. Nitajuaje bila kuwa fundi?

Mwalimu, kilometa za kwenye dashibodi zisome kama tangazo la biashara. Tazama raba za pedali, usukani na kiti cha dereva. Pedali ya klachi iliyolika hadi chuma na usukani unaong'aa si vya kilometa 98,000.

Kisha fanya jambo moja ambalo halina gharama: mwambie unakuja saa kumi na mbili asubuhi na asiiwashe. Ukifika, kabla ya salamu kuwa ndefu, fungua boneti uweke kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, amekutangulia kuificha, na mimi ningeondoka. Ikiwa ya baridi, fungua kifuniko cha rejeta utazame maji. Mafuta yakielea juu yake, au chini ya kifuniko cha oili pakiwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa, maji na oili vimekutana.

Washa. Dizeli nzima ikishapashwa na hita inashika haraka hata kwa baridi. Moshi mweupe kidogo mwanzoni si neno, lakini ukiendelea huku injini inatetemeka, nozeli au mgandamizo una shida. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi mzito ukikanyaga ni mafuta mengi au hewa haba, na mara nyingine dawa yake ni filta ya hewa tu, hasa kiangazi na vumbi letu hili. Injini ikinguruma, legeza kifuniko cha oili ukiache juu ya tundu lake. Kikirukaruka na moshi ukatoka kwa kusukumwa kama pumzi, ringi zimekwisha. Hapo dalali ataanza kuongea sana.

Endesha angalau nusu saa, upandishe mlima mmoja, gia zote, na kama ina fowili iingize kwenye udongo uone kama tairi za mbele zinavuta. Ukirudi iache inanguruma uangalie kipimo cha joto. Hedi iliyopasuka hujificha kwenye safari ya dakika tano.

Pikapu niliyopenda ilikuwa ikibeba chumvi Uvinza. Injini safi, bodi imepakwa rangi mpya. Kuna ubaya?

Upo, na uko chini. Chumvi na maji ya samaki vinakula chesisi kutokea ndani, mahali rangi haifiki. Chukua bisibisi na nyundo ndogo, lala chini, ugonge chesisi kuanzia nyuma ya kabini hadi mwisho, hasa panaposhikiliwa springi za nyuma na pale chesisi inapopinda juu ya ekseli. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na bisibisi inazama. Angalia pia mabomba ya breki. Ukikuta kipande cha bati kimechomelewa juu ya chesisi na kupakwa lami nyeusi, usiombe kupunguziwa bei, acha. Injini inabadilishwa. Chesisi yenye namba yake, ikikatika na tani moja nyuma kwenye mteremko, itaua mtu.

Lami mpya peke yake chini ya gari kuukuu inatosha kukufanya ukwangue.

Nina duka Gungu. Nabeba soda, unga, mara moja moja saruji. Wananiambia nijikaze nichukue pikapu kubwa ya dizeli, moyo wangu uko kwenye kirikuu.

Mama, fuata moyo. Kirikuu ya sentimita 660 ilitengenezwa kubeba kilo 350, yaani mifuko saba ya saruji. Safari zako ni fupi, na dizeli inayowashwa na kuzimwa kila dakika kumi haipati joto lake na haikurudishii fedha yake. Mwambie kijana wako asizidishe mifuko saba hata kama njia ni ya lami. Ukiona kila wiki mifuko ni kumi na tano, hapo ndipo tuzungumze pikapu.

Niko Manyovu. Kuna pikapu mbili: moja ina namba ya Burundi, bei ya chini sana. Nyingine ni namba D, ila kadi ina jina la mtu ambaye si muuzaji. Ipi salama?

Ya kwanza iache. Gari la namba ya nje ambalo ushuru wake haujalipwa linaweza kukamatwa likiwa mikononi mwako, na ukianza kulipia, ile bei ya chini inakwisha.

Ya pili inawezekana, kwa utaratibu. Kwanza, herufi D inasema lini ilisajiliwa Tanzania, haisemi ilitengenezwa mwaka gani. Mwaka uko kwenye kadi. Pili, aliyeandikwa kwenye kadi apatikane mwenyewe na asaini mkataba wa mauzo, na kama amefariki, msimamizi wa mirathi aje na barua ya mahakama. Muuzaji wa katikati akisema "jina tutabadilisha baadaye", baadaye hiyo ni yako peke yako. Tatu, linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi, kisha namba ya injini. Nne, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani mtandaoni uone faini zinazodaiwa, zilipwe na mwenye gari. Tano, mwende wote TRA na kadi halisi, mkataba na namba zenu za mlipakodi. Mlipe sehemu mkisaini mkataba, na iliyobaki siku umiliki unapohamishwa. Na kama utabebea watu mizigo kwa malipo, usajili uwe wa biashara, namba nyeupe, ukachukue na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kabla ya safari ya kwanza.