Usizibe vali ya filta ya mafuta

SWALI: Naendesha taksi hapa Lubumbashi. Fundi wa garaji amepasua filta yangu ya zamani akanionyesha kijisahani chenye springi, akasema hapo mafuta ya moteri hupita bila kuchujwa. Je, ni filta mbovu? Naweza kuziba hapo? Na nikiiosha kwa esansi, naweza kuirudisha?
Msomaji, Katuba

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usizibe. Kijisahani hicho ni vali ya baipasi, na ndiyo inayoiokoa moteri yako karatasi ya kuchujia iliyo ndani ya filta inaposhindwa kupitisha mafuta.

Pampu hunyonya mafuta kwenye karteri, yaani bakuli la mafuta chini ya moteri, na kuyasukuma hadi kwenye filta. Huingia kwa vitundu vidogo vya pembeni, hupenya karatasi iliyokunjwakunjwa, kisha hutoka kwa tundu la katikati kwenda kwenye beringi, vyuma vinavyobeba ekseli ya moteri inapozunguka. Springi ya vali haipimi presha yote ya mafuta. Inapima tofauti kati ya upande wa kuingilia na wa kutokea. Karatasi ikiwa safi na mafuta yamepata moto, tofauti ni ndogo na vali imefunga. Kwenye filta nyingi za gari ndogo hufunguka tofauti ikifika kati ya bar 0.5 na 1.5. Beringi ikipata mafuta machafu inalika polepole. Ikikosa mafuta kabisa, inaungua kwa dakika chache.

Vali hufunguka hasa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni baridi. Asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu, mafuta mazito ya aina ya 20W-50 huwa kama asali, hayapenyi karatasi kwa urahisi. Basi usikanyage akseleta mara tu moteri inapowaka. Nenda taratibu kilomita za kwanza. Kama kitabu cha gari kinaruhusu 10W-40 au 15W-40, ambayo ni mepesi zaidi kwenye baridi, chagua hayo.

Sababu ya pili ni filta iliyojaa uchafu, na hapa madereva wengi hudanganyika. Taa nyekundu ya mafuta haitawaka, kwa kuwa vali imefunguka na presha ipo. Unaendesha miezi kadhaa mafuta yakipita bila kuchujwa ipasavyo, na hakuna dalili kwenye dashibodi. Kinachokulinda ni kuhesabu kilomita: badilisha filta kila unapobadilisha mafuta, na kwa taksi inayokula vumbi kutwa, usivute hadi mwisho wa kiwango cha kitabu.

Kuosha, hapana. Esansi haitoi uchafu uliojibana ndani ya karatasi, hulegeza gundi, na husukuma chembe upande safi.

Chunguza pia kabla ya kununua: moteri nyingine zina vali hiyo kwenye bloku, si ndani ya filta. Filta mbili zinaweza kulingana nyuzi za skrubu na mpira, lakini moja ikawa haina vali. Fuata namba ya filta, si umbo.

Wakati wa kufunga, hakikisha mpira wa zamani haukubaki umeng'ang'ania kwenye bloku. Mipira miwili ikipandana, mafuta yatamwagika yote. Paka mpira mpya mafuta, zungusha filta kwa mkono hadi mpira uguse bloku, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, bila ufunguo. Washa moteri, subiri taa izimike, angalia chini. Ukiona tone lolote, zima hapo hapo. Pakiwa pakavu, zima, ngoja dakika tano, ndipo upime kwa kijiti: filta mpya imekunywa mafuta kidogo, nawe utaongeza.