Kinyesi cha ndege kinachotembea: majibu kwa wasomaji

Wiki mbili zilizopita niliandika mistari michache kuhusu yule kipepeo mweusi mwenye madoa ya njano anayezungukazunguka michungwa ya Mwanza, Papilio demodocus. Maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea, na karibu nusu yameanza na "Shikamoo mwalimu". Marahaba, wote. Nimechagua haya.

Nimepanda miche sita ya michungwa niliyoletewa kutoka Ukerewe. Kila asubuhi nakuta kinyesi cha ndege juu ya majani, na majani yenyewe yanaisha. Ni ndege gani huyu? (Mama wa Buswelu)

Mama, ndege hayumo. Hicho kinyesi kina miguu. Kiwavi wa kipepeo huyu akiwa mdogo ni mweusi-kahawia mwenye baka jeupe mgongoni, tena anang'aa kama kitu kibichi. Shore akimwona anapita zake, maana nani anakula kinyesi?

Chukua njiti ya kiberiti umguse taratibu. Nyuma ya kichwa zitachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zimeungana chini kama herufi Y, na utasikia harufu ya samli iliyochacha. Ukimwacha atulie, pembe zinarudi ndani polepole kama kidole cha soksi kinachogeuzwa. Ndiyo silaha yake dhidi ya siafu na wadudu wengine wanaomwinda. Wewe haikudhuru, ila nawa mikono kabla ya kushika ugali.

Akishajivua ngozi mara nne anabadilika kuwa kijani mwenye michirizi ya kahawia, na hapo ndipo wengi hudhani ni mdudu mwingine. Sababu naiona wazi: kinyesi cha ndege chenye urefu wa kidole kingemdanganya nani? Akiwa mkubwa ni heri afanane na jani.

Kuhusu miche yako: mchungwa mkubwa haujali viwavi kumi, lakini mche wa goti unaweza kubaki vijiti vitupu. Usikimbilie sumu. Pita asubuhi, geuza majani machanga, utaona yai moja moja la rangi ya maziwa ya njano, dogo kama kichwa cha pini. Toa kwa mkono. Viwavi wahamishie kwenye mlimao mkubwa wa jirani, kama mnaelewana.

Niliweka pupa (lile ganda ambamo kiwavi hugeuka kuwa kipepeo) kwenye chupa ya jemu nione kipepeo akitoka. Badala yake wametoka vijidudu vingi vyenye mabawa. Nimekosea wapi? (Kijana wa Igoma)

Hukukosea, ulichelewa. Hao ni nyigu wadogo. Mama yao alitaga mayai kwenye pupa kabla hujaichukua, watoto wakala kilichokuwemo ndani, na wewe ukabaki na ganda lenye tundu. Mimi yalinikuta mbele ya darasa la wanafunzi arobaini na kitu, baada ya kuwaahidi kipepeo kwa siku nne mfululizo. Sikutetewa na mtu.

Safari nyingine chukua kiwavi badala ya pupa, umlishe majani mabichi kila siku, ufunike chupa kwa kipande cha chandarua. Muwekee na kijiti kilichosimama. Atajifunga kwa uzi mmoja wa hariri kiunoni, kama fundi wa umeme anavyojifunga mkanda kwenye nguzo, kisha atajivua ngozi ya mwisho. Angalia na rangi: pupa inaweza kuwa ya kijani au ya kahawia, kufuatana na mahali ilipojishikiza. Halafu subiri bila pupa (ile nyingine, ya kwenye methali).

Nimesikia Kilimanjaro kuna kipepeo wa mlimani wa jamii hiihii. Kwa nini sisi hatunaye, na Mwanza yote ni milima ya mawe? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Sengerema)

Unamsema Papilio sjoestedti. Jina ni la Yngve Sjöstedt, Mswidi aliyeongoza msafara wa kukusanya wanyama na wadudu Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906. Mswidi mwenzake, Aurivillius, akamwelezea kipepeo huyo kitaalamu mwaka 1908. Anaishi kwenye misitu ya Kilimanjaro, Meru na Ngorongoro. Nje ya kaskazini mwa Tanzania hapatikani popote duniani.

Kimo peke yake si hoja. Maji ya ziwa letu yako mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata ukiwa umekaa Kirumba unakula sato uko juu. Tunachokosa ni msitu wa mlimani, ule unaonyonya ukungu mwaka mzima. Mawe ya Mwanza ni mazuri kwa picha na kwa pelele, lakini kiwavi hali jiwe. Kipepeo jike wa jamii hii hutua, akapigapiga jani kwa miguu ya mbele, na miguu hiyo ndiyo inayoonja. Jani lisipokuwa lenyewe, hatagi. Huyu wetu alibahatika: viwavi wake walikuwa wanakula mimea ya porini ya ukoo wa michungwa, kisha watu wakaleta machungwa na malimao kutoka Asia wakayapanda kila ua. Leo yuko karibu kote kusini mwa Sahara. Wa Kilimanjaro amebaki na msitu wake, na msitu ukipungua hana kwa kuhamia.

Nilikwenda msitu wa Minziro, nikaona kipepeo wa njano mwenye mikia amepandana na wa rangi ya chungwa asiye na mkia. Inawezekana? (Dada wa Bukoba)

Inawezekana kabisa, dada, na swali lako liliwahi kugombanisha wataalamu. Huyo ni Papilio dardanus. Dume ni wa njano na ana mikia. Jike ana sura nyingi, kila moja ikiiga kipepeo mwingine ambaye ndege hawampendi kwa uchungu wake. Wa rangi ya chungwa anamwiga Danaus chrysippus, ambaye kiwavi wake hula mimea ya utomvu mweupe. Roland Trimen, mtaalamu wa vipepeo, ndiye aliyeeleza mwaka 1869 kwamba hao wote ni spishi moja. Kabla yake waliandikwa kama vipepeo tofauti. Madagaska majike wanafanana na dume, mikia na yote, na Ethiopia wengi wao.

Pale ng'ombe wanaponywea, vipepeo wanajaa kwenye tope. Wana kiu? (Kayenze)

Wanatafuta chumvi, na mkojo wa ng'ombe unayo. Wengi wao ni madume.

Ni kweli unga wa bawa la kipepeo ukiingia jichoni unapofuka? (Nyakato)

Hapana. Ule unga ni vigamba vidogo vinavyolitia bawa rangi. Jicho litawasha kama limeingia vumbi. Lioshe kwa maji safi.