Panya Aliyekula Mkono wa Sweta

Mmetuuliza wiki hii: kati ya nzi wa ndoana (mdudu bandia wa uzi na manyoya anayefungwa juu ya ndoana kumhadaa samaki) aliyefungwa nyumbani na yule wa kununua dukani, yupi anavua zaidi? Nilitaka kupita tu, lakini swali limenikaa kooni tangu juzi. Linajifanya kana kwamba nzi wa dukani hutoka kwenye mashine. Hakuna mashine. Hata yule anayeuzwa kwa dazeni alikaa kwenye jiriwa mbele ya mtu aliyemzungushia uzi kwa vidole vyake, na maelfu ya wanaouzwa Ulaya na Marekani wamefungwa na mafundi wa Kenya wenye mkono mwepesi kuliko wangu na wenu. Kwa hiyo nani kafunga si hoja. Hoja ni kafunga kwa kitu gani.

Na hapo nina msimamo: funga kwa chochote. Uzi wa gunia, manyoya ya mbwa aliyelala mlangoni, utepe wa kaseti iliyokufa, karatasi ya kung'aa ya pakiti ya biskuti, spanji ya ndala iliyokatika mkanda (hii huelea kuliko unyoya wowote). Wanaosema kwamba bila manyoya ya shingo ya jogoo fulani wa aina fulani huyo si nzi halali, wasome historia ya ufundi wao. Claudius Aelianus, Mroma aliyeandika yapata mwaka 200, anaeleza wavuvi wa Makedonia waliozungushia ndoana sufu nyekundu, wakaongeza manyoya mawili yaotayo chini ya zile nyama zinazoning'inia kidevuni mwa jogoo, yenye rangi kama nta. Sufu na jogoo, vitu vya uani. Hawakumtumia mdudu mwenyewe, anasema, kwa sababu akishikwa na mkono wa mtu hupoteza rangi na mbawa hunyauka.

Waingereza nao, pamoja na heshima zao zote, wana nzi mashuhuri aitwaye Tup's Indispensable, aliyebuniwa na R. S. Austin wa mji wa Tiverton. Siri ya mwili wake, iliyofichwa kwa miaka, ilikuwa sufu inayoota kwenye korodani za kondoo dume. Sitanii. Na walipoyaona ya uani hayatoshi wakatamani ndege wa mbali, ndipo mwaka 2009 mtu akavunja dirisha la jumba la makumbusho kule Tring, Uingereza, akaondoka na ndege 299 waliokaushwa, wengine wao walioletwa na mwanasayansi Alfred Russel Wallace katika karne ya 19. Yote hayo kwa ajili ya manyoya ya kufungia nzi wa samoni, ambao wengi wao hawaguswi na maji maisha yao yote. Hukaa ndani ya fremu ukutani.

Sasa niseme kwa nini swali limenikaa kooni.

Nyuma ya mlango wa chumba cha mama lilitundikwa sweta la marehemu baba, la rangi ambayo sijui niiiteje. Si kahawia, si kijivu, kama vumbi lililonyeshewa kidogo. Jioni za baridi mama hulivaa. Usiku mmoja, kesho yake ikiwa ni siku ya mto, sufu iliniishia na bado nina ndoana sita tupu. Mkono wa kushoto wa sweta ulikuwa umefumuka pindoni, uzi unaning'inia. Nikauvuta, dhiraa moja tu. Nikaivika ndoana waya mwembamba wa shaba ili mdudu azame, nikauzungusha ule uzi kwenda na kurudi mara mbili, nikafunga, nikatia tone la rangi ya kucha ya dada. Hana mkia, hana mbawa. Alifanana na kiwavi aliyelala njaa.

Asubuhi nikatoa samaki saba aina ya trauti kwenye kona moja ya mto. Rafiki yangu, mwenye kisanduku cha nzi wa kununua waliojipanga kama askari wa gwaride, alitoa mmoja, naye alikuwa mdogo tukamrudisha. Njia nzima hakunisemesha.

Sweta likaanza kufupika. Kila Ijumaa usiku dhiraa moja, mara nyingine mbili. Mama akaona. Hakumwambia mtu, akanunua mtego wa panya, akautega chini ya ule mlango na kipande cha mkate juu yake. Nami kila Ijumaa nikawa nauruka mtego kwenda kuvuta uzi, na asubuhi namsikia akilalamika kwamba panya wa siku hizi hawataki mkate, wanataka sufu. Wiki tatu. Siku moja nikamshauri atafute paka. Aibu hiyo sijawahi kumsimulia mtu.

Alinikamata kwa kofia. Nilikuwa nimechomeka nzi wawili ukingoni wakauke, mama akanipokea mlangoni, akamtazama mmoja, akamgusa kwa ncha ya kidole. "Kumbe panya wangu anavaa kofia," akasema, akaingia ndani. Nikasikia mkasi. Akatoka na mkono wote wa kushoto, umekatwa begani. "Chukua, mwanangu. Ila usininyemelee tena gizani." Sweta bado hulivaa hivyohivyo, mkono mmoja.

Mkono ule ulinitosha miaka minne hivi. Ulipokaribia kwisha nikafanya ninachowahubiria wengine: nikatafuta chochote. Nilinunua sufu ya rangi ileile, nikaziweka pamoja juani, huwezi kuzitenganisha. Mtoni, patupu. Nikajaribu nyingine, na nyingine. Mwishowe nikatumbukiza nyuzi mbili kwenye glasi ya maji, wa dukani na wa baba, kila mmoja umezungushiwa juu ya waya wa shaba. Wa dukani ukawa mweusi tii, kama kamba ya kiatu. Wa baba ukafifia, ukaingia wekundu wa mbali, na shaba ikaanza kujitokeza chini yake kama damu inavyoonekana chini ya ukucha. Mdudu hai wa majini ndivyo alivyo, mwanga humpenya. Kumbe miaka yote hiyo sikuwa nimefunga kwa chochote. Nilikuwa nimebahatisha kitu kimoja mahsusi, nikajisifu.

Baadaye nikasoma habari za Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon kule Uingereza. Nzi wake aitwaye Killer Bug alikuwa hivyohivyo: waya, na sufu ya kushonea soksi zilizotoboka, Chadwick's namba 477, ambayo ikilowa huingia wekundu. Ilipoacha kutengenezwa watu wakaanza kuwindana kwa kadi moja iliyozungushiwa uzi huo, na hadi leo wanawindana. Nilikuwa nikiwacheka.

Nirudi kwenye swali lenu, maana najua nimelikwepa. Siwezi kuapa kwamba ni uzi. Pengine mwaka ule samaki walikuwa wengi, na rafiki yangu, haki ya Mungu, hurusha mshipi kama anayefukuza kuku. Lakini mkiniminya niseme, wa nyumbani anamzidi wa kununua iwapo umemlowesha kwenye glasi kabla ya kumsifia. Hapo nazungumzia wa kuzama. Wa kuelea mimi hununua, kwa sababu sijapata mbadala wa yale manyoya ya shingo yenye nyuzi ngumu zisizonywa maji, na ndiyo, hutoka kwa jogoo fulani wa aina fulani. Spanji ya ndala huelea, nimesema, ila hutua majini kama ndala.

Kwenye kisanduku cha kiberiti nimebakiza uzi wa nzi wanne, watano nikibana. Wiki iliyopita mama aliniuliza kama nautaka na mkono wa pili. Sijamjibu.