Mshahara wa Fundi na Fungu la Kumi: Kipi Kitangulie?

SWALI: Mimi ni Myahudi mwenye karakana ya useremala Nairobi, na nina mafundi watatu wanaolipwa mwisho wa mwezi. Kila mwezi hutenga fungu la kumi kwa ajili ya wahitaji. Mwezi huu wateja wamechelewa kunilipa. Je, naweza kuwaomba mafundi wasubiri wiki moja ili sadaka isikatike? Na je, majirani wasio Wayahudi wana sehemu katika fungu hilo?

JIBU: Shalom, ndugu yangu. Mshahara hutangulia. Torati, katika Walawi 19:13, imekataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi, na Kumbukumbu la Torati 24:15 inataja sababu, kwamba mtu huyo ni maskini na tegemeo lake ni ujira huo. Wanazuoni wa Talmudi, kitabu kikuu cha mafafanuzi ya sheria ya Kiyahudi, wakauliza: kwa nini mtu huyu alipanda ngazi, akaning'inia mtini na kuhatarisha uhai wake, kama si kwa ajili ya ujira? Kwa anayelipwa kwa mwezi, deni huiva mwezi unapokwisha. Akilidai, nawe fedha unazo, kumchelewesha ni kosa. Asiye na kitu hana hatia hiyo, lakini wewe unacho, ndicho hicho unachotaka kukipeleka kwenye sadaka.

Tena fungu la kumi hutolewa katika faida, baada ya kuondoa gharama za kazi, na mshahara ni gharama. Mwezi usio na faida hauna fungu la kumi. Ama kuwaomba wasubiri, fundi akiridhia kwa hiari yake hakuna kosa; ila mimi huitilia shaka ridhaa ya fundi anayeombwa na tajiri wake, kwa kuwa anaogopa kupoteza kazi.

Talmudi inasimulia kuhusu mwanachuoni ambaye wapagazi wake walivunja mtungi wa mvinyo, naye akawanyang'anya mavazi yao. Walipomshtaki kwa Rav, mmoja wa wanazuoni wakuu wa Talmudi, aliamriwa awarudishie. Wakasema kwamba wao ni maskini, wamefanya kazi kutwa na wana njaa. Rav akaamuru walipwe na ujira wao. Yule bwana aliuliza kama kweli hiyo ndiyo sheria, akajibiwa kwa Mithali 2:20, kuhusu kuishika njia ya wenye haki. Kumbuka kwamba hao walikuwa wameharibu mali, na mafundi wako hawakuharibu kitu.

Kuhusu majirani, kanuni ni kwamba maskini wa mji wako hutangulia maskini wa mji mwingine. Zamani kila mji ulikuwa na mfuko wa wahitaji, ukikusanywa na watu wawili na kugawiwa na watatu, na mtu aliyekaa mjini miezi mitatu alilazimika kuuchangia, awe mzaliwa au mgeni. Maskini wasio Wayahudi nao walisaidiwa pamoja na maskini wa Israeli kwa ajili ya amani, kwa hiyo wape bila wasiwasi. Musa bin Maimuni, mwanasheria mkuu wa Kiyahudi wa karne ya kumi na mbili, alipopanga daraja nane za sadaka, aliweka juu kabisa kumkopesha mtu, kushirikiana naye katika biashara au kumpatia kazi. Basi usidhani kwamba karakana yako iko nje ya ibada hii.

Fedha uliyokwisha kuitenga miezi iliyopita ni ya wahitaji, usiilipie mishahara. Wateja wakishalipa, walipe kwanza mafundi haki yao, kisha ndipo uhesabu kumi ya kilichobaki.