Dar es Salaam hadi Nairobi: umbali na muda wa ndege

Ndugu, umeuliza umbali wa Dar es Salaam hadi Nairobi na muda ambao ndege hutumia. Kwa mstari ulionyooka angani ni takribani kilomita 670, na ndege ya moja kwa moja huchukua kama saa moja na robo, ingawa ndege ndogo ya pangaboi inaweza kuchelewa kidogo kuliko ya jeti. Saa za Tanzania na Kenya hazitofautiani, kwa hiyo huna haja ya kugusa saa yako.

Usichanganye umbali huo na ule wa barabara, ambao unakaribia kilomita 900, kwa kuwa basi hupita Chalinze, Segera, Same, Moshi na Arusha kabla ya kufika mpakani Namanga, ambako abiria hushuka, hupanga foleni, hugongewa muhuri wa pasipoti kisha hupanda tena.

Muda halisi wa safari ya ndege hauishii angani. Ongeza saa mbili au tatu za kuwahi uwanjani kwa ukaguzi, na upande wa Nairobi uhesabu pia foleni ya uhamiaji pamoja na msongamano wa magari kutoka Jomo Kenyatta hadi mjini, ambao jioni unaweza kukuchosha kuliko safari yenyewe. Ukipata nafasi ya kuchagua kiti, chukua cha dirishani upande wa kushoto, kwani kukiwa hakuna mawingu utauona Mlima Kilimanjaro kwa karibu sana.