Mchezaji wangu amenyamaza: nimpumzishe au abaki na timu?

Swali: Nafundisha mpira wa miguu sekondari, hapa Tanzania. Beki wangu wa kulia, miaka 15, amekuwa mnyonge tangu afiwe na baba yake. Haongei na mtu na kiwango chake kimeshuka. Nimpumzishe mpaka akae sawa?

Jibu: Mwalimu, usimtoe kwenye timu. Dakika za mechi unaweza kumpunguzia, lakini ukimwambia akae nyumbani mpaka apate nafuu, utamtenga na watu wanaomngoja kila jioni.

Kukimbia kwenyewe kunasaidia usingizi na kupunguza msongo. Timu ina la ziada. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha watoto zaidi ya 11,000 wa miaka 9 hadi 13, ulionyesha kuwa waliocheza michezo ya timu walikuwa na dalili chache za wasiwasi na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) kuliko wasiocheza kabisa. Waliocheza michezo ya mtu mmoja mmoja tu walikuwa na dalili nyingi kuliko hata hao wasiocheza. Utafiti wa namna hii hauthibitishi chanzo, maana huenda watoto wachangamfu ndio wanaojiunga na timu. Hata hivyo, naamini kijana hufaidika akijua nafasi yake ipo hata siku anayocheza vibaya. Timu inayomzomea kila anayepoteza mpira yaweza kumwumiza zaidi.

Kwa hiyo mpe jukumu lisilotegemea kiwango, kama kuongoza wenzake kupasha misuli. Makosa yake mwambie pembeni. Asipotokea mazoezini, mwenzake anayemwamini aende kumjulia hali, si kumhoji. Na baba yake mtajeni; vijana wengi waliofiwa huumizwa na ukimya wa watu wanaoogopa kugusa msiba.

Ila mpira hautibu sonona. Ikipita wiki mbili halali vizuri, hali chakula, hafurahii chochote wala hasomi, zungumza na mlezi wake na mwalimu wa unasihi, apelekwe hospitali. Muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Wengi hupata ahueni kuulizwa. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kidogo, na hospitali mwende siku hiyohiyo. Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, hupigwa bure, na wewe mwenyewe unaweza kuipiga kuomba ushauri.