Maswali yenu: kansa ya kongosho, jeni na jini

*Baba kafa na kansa ya kongosho (pancreas), na mimi nitapata?*

Sio lazima. Kama wagonjwa 9 kati ya 10 hawajarithi kitu. Wasiwasi unaanza wakiwa wawili watatu wa damu moja, kama kwa Jimmy Carter yule rais wa Marekani, baba yake alikufa 1953, ndugu zake Ruth 1983, Billy 1988, Gloria 1990, wote kongosho, yeye akafika miaka 100 na mwenyewe alisema tofauti yake na wao ni kwamba hakuwahi kuvuta sigara. Sasa nyie mnaoniandikia kuhusu jeni, yale maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, huku fegi iko mdomoni, haya.

*Sisi wa damu group O hatupati eti?*

Mnapata. Hatari iko chini kidogo tu.

*Wife kakutwa na BRCA2, hilo si jeni la matiti? Watoto wangu ni wa kiume.*

Hilo jina ndio linawaponza. Kazi yake ni kukarabati DNA, likiharibika ni matiti, ovari, tezi dume na kongosho pia, na kila mtoto, awe wa kiume awe wa kike, ni nusu kwa nusu kulirithi. Wakikua waambie.

*Hilo jini la kansa napima wapi, nataka full?*

Jeni kaka, jeni! Na hili swali mwezi huu ni la nne. Anayeanza kupimwa ni mgonjwa mwenyewe kama yupo hai, Marekani tangu 2019 mwongozo unataka kila mwenye kansa hii apimwe. Ila kabla hujatoa hela kaulize wazee. Mimi nilimuuliza mjomba babu alikufa na nini, akasema tumbo, tumbo gani, kubana sana ndio akatoa: alikonda, macho njano kama kalowekwa bizari, mkojo kama chai ya rangi, wakasema karogwa, kumbe hizo zinaweza kuwa dalili za kansa ya kongosho. Miaka yote hiyo tunamsingizia jirani!

*Nina 56, sukari imenianza ghafla na nimepungua kilo 8 bila dayati, itakuwa stress?*

Wewe ndio ungeuliza wa kwanza, hayo mawili yakija pamoja yanaweza kuwa dalili ya kansa hii. Kesho asubuhi hospitali, na hilo neno kongosho litamke mwenyewe mbele ya daktari, ultrasaundi ikisema safi usiridhike maana kongosho limejificha nyuma ya tumbo, omba CT scan.